Mikorosho ya Mtu Aliyevuka Mto

Kimbunga kilipopita nilikuwa Mtwara mjini, ndani ya ofisi ya kilimo, nimeuegemea mlango kwa mgongo usije ukang'oka. Kilianza alfajiri, na kufika adhuhuri kilikuwa kimekwisha. Mabati ya ghala la jirani tuliyaokota uwanja wa mpira. Sisi wa mjini tulidhani hayo ndiyo maafa, mpaka siku ya tatu barabara ya kuelekea mto Ruvuma ilipopitika, nami nikatumwa huko na baiskeli ya serikali, kopo la chokaa na bunda la fomu.

Nilikuwa bwana shamba msaidizi, nimetoka chuoni mwaka uliotangulia, na kazi niliyopewa ni kuhesabu mikorosho iliyoanguka. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba kila mkulima aliyepoteza mikorosho atapewa kitu kidogo. Mkuu wangu wa kazi alitukataza kukiita fidia.

"Fidia hulipwa na mwenye kosa," alisema. "Serikali haikuvumisha upepo. Hiki ni kifuta machozi."

Basi tukakiita kifuta machozi. Kila mti ulioanguka niliupaka chokaa shinani usije ukahesabiwa mara mbili, mjumbe wa nyumba kumi akishuhudia, kisha mwenye miti akabonyeza dole gumba chini ya karatasi. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Kulala ndiko kulikokuwa kugumu, maana tangu nifike kusini sikuwa na usingizi wa maana.

Nieleze hapo kidogo. Mimi ni mtu wa Upare, milimani, kwenye baridi na migomba. Siku zile ukiwaambia watu wa ofisini Dar es Salaam kwamba umepangiwa Mtwara, walikutazama kama wamtazamavyo mfiwa. Masika yakianza barabara ilikatika, ikabaki meli, na barua ilikaa njiani wiki tatu. Nilikuwa nimeoa miezi minne tu kabla ya kupewa uhamisho huo. Mke wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na kwao, na tulikubaliana abaki kwanza mpaka mimi nipate nyumba. Nyumba nilipata, ya vyumba viwili, na mwaka ukapita, na bado alikuwa amebaki kwanza. Nilimwandikia kila baada ya wiki mbili. Nilimweleza habari za joto, bei ya samaki, mvua. Naye alinijibu habari za baridi, bei ya maharage, mvua. Barua zake nilizisoma mpaka mikunjo ikaanza kutoboka.

Kijiji nilichoanza nacho kilikuwa juu kidogo ya Kitaya, mahali ambapo nchi inateremka kuelekea bonde la mto. Mjumbe alinipeleka shamba kwa shamba. Siku ya pili tulifika kwenye shamba lililonishangaza. Wenyeji wengi walipanda mikorosho popote mbegu ilipoangukia, lakini hii ilipandwa kwa mistari, hatua kwa hatua, kama aliyeipanda alipima kwa kamba. Sasa karibu yote ilikuwa imelala, vichwa vimeelekea bara, mizizi iko juu na mchanga mwekundu ukingali unadondoka. Katikati yake alikuwako mwanamke wa makamo na panga, anapogoa matawi ya mti mmoja ulioegama bila kung'oka wote.

"Pole na maafa, mama," nikasema.

"Nimeshapoa, bwana shamba. Karibu."

Nikahesabu, nikapaka chokaa. Nilipomaliza nikatoa fomu. "Mikorosho hii ya nani?"

"Ya mume wangu."

"Aje basi, aweke dole."

Akanyoosha kidevu kuelekea bondeni. Kutoka pale mto ulionekana, umefura, rangi ya chai ya maziwa, na ng'ambo ya pili misitu ya Msumbiji. "Kavuka," akasema.

"Atarudi lini?"

"Alisema hatakawia."

Mjumbe akakohoa. Akanivuta pembeni na kunieleza kwa sauti ya chini, ingawa kila neno yule mama alilisikia. Mume alikuwa Mmakonde wa ng'ambo, alikuja upande wetu ujanani kutafuta kazi, akaoa hapa. Vita na Mreno vilipoanza kule, zikamfikia habari kwamba mama yake mzazi amebaki peke yake kijijini, wengine wote wamekimbia. Akachukua shuka na kibuyu cha maji, akavuka kwenda kumleta. Huo ulikuwa mwaka wa sita.

"Andika marehemu," mjumbe akaniambia. "Mke atapokea kama mjane. Sisi sote tutashuhudia."

"Nani marehemu?" yule mama akauliza.

Hakupandisha sauti. Alichomeka panga kwenye mti, akaja akasimama mbele yetu.

"Mama, ni karatasi tu," nikasema, na mpaka leo nikikumbuka nilivyosema hivyo nasikia haya.

"Karatasi tu. Nikisema amekufa, inanipasa eda, bwana shamba. Miezi minne na siku kumi. Nikae eda ya mtu aliye safarini? Na kesho akitokea hapo bondeni, na mama yake mgongoni, nimwambie nini? Kwamba nilimzika kwa dole gumba, nikala pesa ya maiti yake?"

Mimi nikaikunja fomu.

Nilidhani nimepata njia. Ardhi ile, kama ardhi nyingi ya huko, ilikuwa ya ukoo wa mama. Mwanamume anaoa, anahamia kwa mkewe, anapewa mahali pa kulima. "Kama ardhi ni yenu," nikamwambia, "basi niandike miti ni yako."

Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto wa mgeni. "Ardhi ni yetu. Mikorosho ni ya aliyepanda. Mimi sikupanda. Nilimletea maji tu ya kunywa."

Kwetu Upare shamba na kilichomo ni kitu kimoja, kwa hiyo sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuishi miaka yote juu ya ardhi yake katikati ya miti ya mtu mwingine. Nilirudi kwa mjumbe, nikaandika kwa mkono wangu: *Mwenye miti yuko safarini, mkewe anaangalia shamba.* Nikaona nimefanya la busara.

Mkuu wangu hakuwa mtu mbaya. Aliisoma fomu mara mbili, akavua miwani.

"Bwana mdogo, karatasi hii inajua watu wa aina mbili. Wa kwanza yuko hai, ataweka dole. Wa pili amekufa, ataletewa ushahidi. Huyu wako wa safarini nitamweka wapi?"

"Lakini miti imeanguka, mzee. Niliihesabu mwenyewe."

"Sijakataa kwamba imeanguka." Akanirudishia. "Rudi kamwelimishe."

Nikarudi na lori la ushirika, baiskeli nimeifunga juu ya magunia. Safari hii nilimkuta nyumbani, pamoja na mjomba wake, mkubwa wa ukoo, mtu mwembamba mwenye hasira za haraka. Nusu ya paa la nyumba ilikuwa imechukuliwa na upepo, na sehemu iliyobaki ilifunikwa kwa makuti ya kuazima. Mihogo ya bondeni ilikuwa imeozea majini. Walikuwa wakila ming'oko, mizizi ya porini inayochimbwa kwa taabu, na wakanitengea nami sahani.

Mjomba hakungoja nimeze. "Mwambie wewe, bwana shamba, labda atakusikia. Wenzake wote watapokea. Sisi tunachimba porini kama ngiri, yeye anamtunzia mtu jina."

"Mjomba, kula," yule mama akasema.

"Nile nini? Mtu kavuka mto miaka sita. Mto wenyewe unavukwa kwa mtumbwi, si kwa ndege."

Akaondoka kwa hasira, na mimi nikabaki na sahani yangu na maelezo yangu ya kuelimisha. Nikayasema yote. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, huku akiosha chungu. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Na wewe, bwana shamba, kwenu nani anakungoja?"

Nikamwambia. Sijui kwa nini nilimwambia mengi. Nilimweleza shule anayofundisha, baridi ya asubuhi, na jinsi alivyonisindikiza hadi kituo cha basi akiwa ameshika chaki mkononi kwa kusahau. Hata ofisini sikuwa nimemwambia mtu habari hizo.

"Unamwandikia?"

"Kila mara."

"Umemwandikia 'njoo', au umemwandikia 'hujambo'?"

Nikaiinamia sahani yangu.

"Wangu mimi sina pa kumwandikia," akasema. "Ningekuwa napo, nisingemwuliza habari za mvua."

Sikuwa nimemtajia mvua. Huenda barua za watu wanaoishi mbalimbali zote zinafanana. Jioni hiyohiyo, nyumbani kwa mjumbe, nilichana karatasi kwenye daftari la kazi nikaandika barua fupi kuliko zote nilizowahi kumwandikia mke wangu. Nilisema nyumba ninayo, kazi ninayo, na siwezi tena. Nikamalizia kwa neno njoo. Niliitia kwenye sanduku la posta mjini nikatamani kuitoa, maana sasa aliweza kukataa.

Malipo yalifanyika kwenye baraza ya ghala la ushirika. Karani alikuja na sanduku la chuma na askari mmoja. Watu walikaa kwenye mchanga tangu asubuhi, wamevaa vizuri kama wa sikukuu, na majina yakaitwa moja moja. Kiasi chenyewe kilikuwa kidogo. Mzee mmoja alizipokea noti zake, akazigeuza, akasema kifuta machozi hiki hakitoshi hata leso, na watu wakacheka sana, pamoja na askari. Katikati ya wanawake nilimwona yule mama. Amevaa kanga mpya, au iliyotunzwa.

Nilidhani amekubali, kwamba amekwenda kwa mtu mwingine akaweka dole bila mimi kujua. Lakini jina lake halikuitwa, wala la mumewe. Karani akafunga sanduku.

Nikamfuata. "Mama, ulikuja..."

"Nimewasindikiza wenzangu. Furaha ya watu haitazamwi kwa mbali." Akajitanda kanga vizuri. "Imekwisha?"

"Imekwisha."

"Haya. Alhamdulillahi."

Akatangulia njiani na jirani yake, wanazungumza mambo mengine kabisa.

Sikuweza kumpa pesa. Nilichoweza kukipata ni mbegu ya muhogo, iliyoletwa kutoka kituo cha utafiti baada ya mwezi. Hiyo iligawiwa kwa kaya, na hakuna aliyeuliza kaya ni ya nani, kwa hiyo nilimpelekea mizigo miwili pale wenzake walipopata mmoja. Mikorosho aliyoipogoa na kuirudishia mchanga mizizini, ile ambayo chuo kilitufundisha ikatwe iwe kuni, haikufa. Ilichipua ikiwa imelala, na mwaka wa tatu ikatoa maua chini kabisa, usawa wa magoti. Alikuwa akiokota korosho kwa kutambaa, na akiniona ananicheka kwanza kabla hata sijasalimia.

Mke wangu alijibu kwa simu ya maandishi, maneno matatu: *Nakuja na meli.* Nilikwenda bandarini siku mbili kabla, kwa wasiwasi, nikaambiwa nirudi. Aliposhuka alikuwa kijivu kwa kutapika, na kikapu cha maharage kichwani kana kwamba huku hayalimwi. Hakunisalimia. Alisema, "Mwaka mzima unanieleza bei ya samaki." Kisha akalia palepale, mbele ya makuli, nami nikashika kikapu, sikujua nishike nini kingine.

Alipata shule ya kufundisha mjini. Mwanzoni alichukia kila kitu, joto, mbu, ugali wa muhogo. Nilimpeleka Kitaya kwenye likizo yake ya kwanza, nikimbeba kwenye kibebeo cha baiskeli, kwa sababu nilitaka amwone yule mama. Walikaa pamoja siku nzima wakimenya ming'oko. Njiani tukirudi nilimwuliza walizungumza nini. Akasema, "Mambo yetu." Tangu hapo alikuwa akienda hata bila mimi, na lori, na kurudi na makopa ya muhogo mkavu na salamu.

Baadaye ikaja amri ya watu kuhamia vijijini, kando ya barabara. Kijiji kile nacho kikahama, nguzo na milango vichwani. Yule mama alihama miongoni mwa wa mwisho. Kutoka makao mapya mpaka kwenye ile mikorosho ulikuwa mwendo wa saa mbili, naye aliutembea. Hofu yake haikuwa miguu. Alihofia mtu akitokea mtoni atakuta mahame, hakuna hata jiwe la jiko. Kwa hiyo kila mvuvi aliyekuwa na mtumbwi pale Kitaya alipewa ujumbe uleule: akija mtu wa namna hii, na bibi kizee, mwelekezeni barabarani, nyumba ya nne kutoka kisimani. Baada ya muda wavuvi wenyewe walikuwa wakimwambia kabla hajauliza, "Bado, mama."

Vita vya ng'ambo vilipokwisha, watu walianza kuvuka kwenda na kurudi. Miongoni mwao akaja binti wa dada wa yule mume, mtu mzima sasa, akiulizia nyumba ya nne. Alichosema kilikuwa kifupi. Mjomba wake huyo alifika salama, akamkuta mama yake hai. Akaugua homa wakiwa wamejificha msituni, akafariki masika yaleyale, na mama yake akamfuata baada ya siku chache. Walizikwa pamoja. Yaani wakati mimi nasimama mbele ya ile miti na fomu yangu, nikiambiwa yuko safarini, alikuwa na miaka mitano ardhini.

Habari nilizipata kwa mjumbe. Tukaenda, mimi na mke wangu. Nilipofika nikaelezwa kwamba shehe alikuwa ameshamwambia yule mama hana eda tena, kwa sababu eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, na yake ilianza na kwisha zamani, bila yeye kujua. Alimsikiliza shehe, akamshukuru. Kisha akaingia ndani, akafunga nywele, akavaa nguo nyeupe, akakaa. Miezi minne na siku kumi. Hakuna aliyethubutu kumtoa.

Mimi mwanamume sikuweza kuingia. Nilikaa barazani na mjomba wa yule mama, ambaye sasa alikuwa haoni vizuri. Hakuwa na hasira tena. Alikuwa akisaga tumbaku kiganjani, akasema, "Kijana yule alikuwa akipima kwa kamba, unajua. Kila mti. Tulikuwa tukimcheka."

Mke wangu alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka tukaondoka, tukakiacha kijiji nyuma.

"Nilimweleza alivyosema shehe," akasema. "Kwamba eda alishakaa. Akanijibu, 'Ile nilikuwa namngoja. Hii namlilia.'"

Tukatembea. Nilikuwa nakokota baiskeli.

"Una salamu zake. Kasema, 'Mwambie bwana shamba, sasa anaweza kuandika.'"

Fomu zile zilikuwa zimekwisha kufungwa kwenye majalada na kupelekwa nisikokujua, na mkuu wangu alikuwa amestaafu. Nilisimamisha baiskeli pale barabarani, nikajipapasa mfuko wa shati, kweli kabisa, kama mtu anayetafuta kalamu.

Tulihamishwa kabla eda yake haijatimia. Sikumwona tena. Nimeishi Upare miaka yote tangu hapo, mahali nilipopaandikia barua nikiwa kijana, na hapa sasa naishi peke yangu, kwani mke wangu alitangulia masika kabla ya haya. Watu hudhani nikinyamaza nawaza ujana wangu wa milimani. Nawaza ile barabara ya mchanga mwekundu, msimu wa korosho, mke wangu yuko kwenye kibebeo cha baiskeli ameokota bibo la njano, tunda la mkorosho, anakula huku tunakwenda, maji yanamtiririka mpaka kifuani. Nilimwonya kwamba doa la bibo halitoki. Akasema gauni ni lake. Akalivaa hivyohivyo na doa lake miaka mingi, hata shuleni, na tulipokuwa tunafunga mizigo ya uhamisho mimi ndiye niliyesema limechakaa, tuliache. Tukaliacha kwenye msumari nyuma ya mlango. Naliona mpaka leo linavyoning'inia, na sijui ni nani aliyelikuta.